Chaguo-Msingi ni Chaguo la Nani? Mchoro wa Sakiti Mjini Takaungu

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimejipatia tangu kompyuta iingie maofisini na madarasani, ni chache zinazobeba ukweli mwingi kwa maneno machache kama istilahi chaguo-msingi. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwezi wa Desemba 2004, watumiaji wa Kiswahili wamezidi kukutana na istilahi za namna hii kwenye skrini. Chaguo-msingi ni ile thamani ambayo programu huitumia pale ambapo mtumiaji hajasema lolote: ukubwa wa herufi, upana wa pambizo, lugha ya kusahihishia tahajia. Aghalabu mtumiaji huichukulia thamani hiyo kuwa ni maumbile, kana kwamba herufi zilizaliwa na ukubwa huo. Neno lenyewe, hata hivyo, linamkatalia. Linasema kwamba palikuwa na chaguo, na penye chaguo hapakosi mchaguzi. Kwa hivyo, kukirejesha kitu kwenye chaguo-msingi si kukirejesha kwenye asili yake, bali ni kukirejesha kwenye uamuzi wa mtu fulani, aliyekuwa mahali fulani, mwenye haja zake.

Ukweli huu hudhihirika vizuri zaidi katika kazi ambayo huenda wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajapata kuitazama kwa karibu, nayo ni kazi ya kuchora sakiti za umeme kwa kompyuta. Kila redio, kila simu na kila taa ya sola ina bodi ndani yake, na kila bodi ilianza maisha yake ikiwa mchoro. Mojawapo ya programu zinazotumiwa kwa uchoraji huo ni KiCad, iliyoanzishwa mwaka wa 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Programu hii hutolewa bila malipo, na kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilianza kuichangia mwaka wa 2013. Kwa mwanafunzi asiyekuwa na pesa za kununulia leseni, hiyo ni neema.

Mchoraji haanzi na ukurasa mtupu. Programu huja na maktaba, na maktaba hiyo imejaa vijenzi: rezista za kuzuia mkondo, kapasita za kuhifadhi chaji, diodi za kupitisha mkondo upande mmoja, tranzista za kuwashia na kuzimia. Kila kijenzi kina umbo lake la kuchorwa, miguu yenye nambari, na nyuga kadhaa zinazotaja sifa zake. Uga wa kwanza ni utambulisho, kwa mfano R1 au Q2. Wa pili ni thamani, kwa mfano kiloomu 10. Wa tatu ni unyayo, yaani umbo la vipande vya shaba ambavyo miguu ya kijenzi italehemiwa juu yake. Wa nne huelekeza kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Mchoraji akitoa kijenzi maktabani na kukiweka mchoroni, anachokipata ni nakala. Tangu toleo la 6 lililotoka Desemba 2021, nakala hiyo huhifadhiwa ndani ya faili la mchoro wenyewe, na mchoraji anaweza kuibadilisha bila kuigusa maktaba.

Hapo ndipo nakala na maktaba huanza kuachana. Mchoraji hubadili hiki leo na kile kesho, na baada ya miezi kadhaa hakumbuki tena ni lipi alilibadili kwa sababu na ni lipi lilibadilika kwa mkono kuteleza. Kwa ajili hiyo programu inayo amri ya kusasisha nakala kutoka maktabani. Amri hiyo hufungua orodha ya nyuga, kila mmoja na kisanduku chake cha kutia alama, na mchoraji huchagua ni zipi zirudishwe kama zilivyo maktabani. Kwa mtazamo wa haraka, hakuna amri iliyo salama kuliko hii. Nani ataogopa kurudi maktabani?

Takaungu ni mji uliokwisha kuonja machaguo ya aina hii muda mrefu kabla ya umeme. Mji huu uko kando ya hori, kusini mwa Kilifi, penye mibuyu, misikiti na makaburi ya kale. Baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka wa 1837, ukoo wa Mazrui uliokuwa ukiitawala uligawanyika. Baadhi walielekea kusini hadi Gasi, na wengine wakaelekea kaskazini hadi Takaungu. Liwali Salim bin Khamis alipofariki Takaungu mwanzoni mwa mwaka wa 1895, palizuka swali la mrithi. Kwa desturi iliyotazama umri na daraja katika ukoo, wengi walimwona mtu mwingine wa ukoo huo kuwa ndiye mwenye haki zaidi. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikisimamia pwani wakati huo ilimtambua Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, aliyekuwa na uhusiano mwema nayo. Uamuzi huo ulielezwa kama utaratibu wa kawaida wa urithi. Waliokuwa Takaungu na Gasi walijua kwamba ukawaida huo haukuwa wao. Vita vilivyofuata vilienea pwani nzima, vikaendelea baada ya Uingereza kutangaza himaya yake Julai 1895, na havikuisha mpaka Aprili 1896, Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipovuka mpaka na kuingia katika eneo la Wajerumani. Swali la nani ameandika ukawaida, kwa hiyo, si geni katika mji huu.

Katika mji huo huo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi wa umeme alijitwika kazi ya kumtengenezea ami yake kifaa cha mashua. Ami yake alikuwa mvuvi wa usiku. Zamani wavuvi walitumia karabai, lakini mashua ya ami ilikuwa na betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa sola mchana, pamoja na taa mbili: kubwa ya kutazamia nyavu na ndogo ya kuonyesha vyombo vingine kwamba hapa pana watu. Shida ilikuwa kwamba taa kubwa iliinyonya betri hadi tone la mwisho, na taa zote mbili zikazimika pamoja. Usiku mmoja ulio na mawingu, mashua yenye injini ilipita karibu sana na ile ya ami hata mawimbi yake yakajaza maji ndani. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo mzee huyo alizungumza habari za taa kuliko habari za samaki.

"Mwanangu," alimwambia kijana wakiwa wamekaa ufuoni, "hiyo taa kubwa na izime, mimi n'taona kwa mato yangu. Hiyo ndogo isizime. Kubwa ni yangu kuona samaki, ndogo ni ya wenzangu kuniona mimi."

"Haitazima, Ami," kijana alijibu. "Kubwa itatangulia kuzima, betri ikali ina nguvu."

Ahadi hiyo ndiyo aliyoichora. Mpango wake haukuwa wa ajabu. Rezista mbili, moja ya kiloomu 36 na nyingine ya kiloomu 10, zingegawa volti za betri. Betri ikishuka hadi volti 11.5, kipande kinachobaki juu ya rezista ya pili ni volti 2.5. Kilinganishi cha aina ya LM393 kingekipima kipande hicho dhidi ya kipimo kisichobadilika cha volti 2.5. Kikishuka chini ya hapo, tranzista ingezimika, rilei ingeachia, na taa kubwa ingekatwa. Nguvu iliyosalia betrini ingekuwa ya taa ndogo peke yake. Kila tarakimu katika mpango huo ilitokana na mashua ile, betri ile na maneno yale ya ufuoni.

Mchoro ulikamilika baada ya majuma kadhaa, lakini programu ilikuwa ikionya kwamba baadhi ya nakala hazilingani na maktaba. Mwenzake wa chuoni, aliyekuwa na haraka ya kusaidia, alimshauri arejeshe kila kitu kutoka maktabani ili maonyo yaishe. Kijana alifungua amri, akatia alama visanduku vyote, akabonyeza. Maonyo yalitoweka. Pamoja nayo zilitoweka kiloomu 36 na kiloomu 10. Kila rezista mchoroni sasa ilikuwa na thamani moja: herufi R. Kila kapasita ilikuwa na thamani ya herufi C. Nyayo nazo zilikuwa zimefutika.

Programu haikuwa imekosea. Katika maktaba, rezista ya kawaida haina thamani, kwa kuwa aliyeiandika maktaba hawezi kujua ni nani ataitumia na kwa kazi gani. Mahali pa thamani ameweka jina la jamii yake tu, yaani R. Unyayo wake ameuacha wazi kwa sababu iyo hiyo. Kuirejesha rezista kwenye chaguo-msingi kwa nyuga zake zote ni kuivua kila kitu ilichokipata mahali ilipofanyia kazi na kuibakizia jina la kabila. Ni kama kumwuliza mtu habari zake ukaambiwa kwamba yeye ni mtu.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa hasara inayoonekana. Kijana alitengua amri mara moja, thamani zikarudi. Kisha akairudia amri kwa uangalifu, safari hii akiondoa alama kwenye thamani na kwenye unyayo. Maonyo yakaisha, kiloomu 36 na kiloomu 10 zikabaki mahali pake, na mchoro ukawa safi kama ulivyotakiwa uwe. Kilichobaki kilikuwa ni kutuma faili kwa kiwanda nchini China ili bodi kumi zitengenezwe. Pesa zake zilikuwa zimechangwa na ami pamoja na wavuvi wenzake, waliotaka nao kifaa hicho. Kosa la mchoroni hufutika kwa kidole. Kosa likishachapwa katika shaba halifutiki, nalo hulipiwa.

Kabla ya kutuma, alifanya jambo ambalo mafundi wa zamani hulifanya na vijana huliona ni kupoteza wakati. Alizitoa tranzista alizokuwa amezinunua Mombasa, akazilinganisha na mchoro mguu kwa mguu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba miezi michache nyuma alikuwa ameibadili nakala ya tranzista kwa mkono wake, na kwamba badiliko hilo sasa halikuwako.

Sababu ya badiliko lile ni ndogo kwa macho ya mtu asiye fundi. Tranzista hii ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Ipo tranzista iitwayo PN2222A, ambayo karatasi ya mtengenezaji huonyesha kwamba mguu wa 1 ni emita, wa 2 ni besi na wa 3 ni kolekta. Ipo pia P2N2222A, ambayo ni jamaa yake wa karibu sana, lakini mguu wake wa 1 ni kolekta, wa 2 ni besi na wa 3 ni emita. Herufi na tarakimu zinazokaribiana hivyo hupotea kirahisi katika mazungumzo ya dukani, ambako zote huitwa kwa jina moja. Kijana alikuwa amechora kwa kutumia ile ya kwanza, kisha akagundua kwamba alizonunua ni za pili, akabadili nambari za miguu kwenye nakala. Amri ya kusasisha ilizirudisha nambari hizo kama zilivyo maktabani. Visanduku hulinda nyuga za maandishi peke yake. Miguu ni sehemu ya mwili wa kijenzi, na mwili hurudishwa wote.

Jambo la kutisha ni kwamba mchoro haukuonyesha dalili yoyote. Alama ya tranzista ilikuwa ile ile, mshale wake ukielekea kule kule, thamani yake ikiwa imeandikwa vile vile. Ukaguzi wa programu ulipita bila lawama, kwani mbele yake kila mguu ulikuwa umeungwa. Lakini bodi ingetengenezwa hivyo, emita na kolekta zingekaa kinyume. Tranzista iliyogeuzwa hukuza mkondo kidogo mno, kwa hiyo rilei ingeweza kushindwa kushika. Zaidi ya hayo, kiungo cha besi na emita katika aina hii kimehakikishiwa kuvumilia volti 6 tu kwa upande wa kinyume, ilhali betri ni ya volti 12. Mkondo ungevuja pale ambapo haukutakiwa kupita kabisa, na rilei ingeweza kukataa kuachia. Taa kubwa ingeendelea kunyonya, na ndogo ingezimika nayo, kama zamani.

Kisa hiki kinastahili kutafakariwa na wanaojishughulisha na lugha, kwa maana Kiswahili nacho kina maktaba na kina amri ya kurejesha. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ulikubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka wa 1930 iliusimamia uamuzi huo katika vitabu na kamusi. Lilikuwa chaguo, na lilikuwa na washindani, kwa kuwa wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekwisha kufanya kazi kubwa kwa Kimvita. Haifai kulibeza chaguo lile. Bila ya maktaba moja, mwanafunzi wa Kilifi na mwanafunzi wa Kigoma wasingefanya mtihani kwa kitabu kimoja, kama ambavyo bila ya maktaba ya vijenzi mchoro wa Takaungu usingesomeka kiwandani China. Usanifu ni daraja, na anayelivuka daraja kila siku hana haki ya kulitukana.

Hata hivyo, urejeshaji katika lugha una hasara za aina mbili, kama ulivyo katika sakiti. Hasara ya kwanza huonekana. Mwanafunzi wa pwani akiandika mato badala ya macho, ndia badala ya njia, au mtele badala ya mchele, kalamu nyekundu humrudisha maktabani. Mwanafunzi huona alichonyang'anywa, na akitaka anaweza kukihifadhi mahali pengine, kama washairi walivyofanya. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla iliandikwa kwa Kimvita, ikachapishwa mwaka wa 1973 na kutuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Waliomchapisha walijua ni nyuga zipi za kuondolea alama.

Hasara ya pili ni ya kimya. Katika Kimvita, paa la nyumba na p'aa wa porini ni maneno mawili yanayotofautishwa na pumzi inayotoka pamoja na sauti ya kwanza. Kaa la moto na k'aa wa ufuoni ni vivyo hivyo. Tahajia sanifu huyaandika maneno haya kwa herufi zile zile. Hakuna anayesahihishwa, hakuna wino mwekundu, na ukurasa unaonekana haujapungukiwa na kitu. Mtoto anayejifunza lugha kwa kitabu zaidi kuliko kwa nyanya yake huikuta alama ile ile, katika nafasi ile ile, na miguu imekwisha kubadilishana ndani kwa ndani. Atakapokuwa mwalimu, hatajua kwamba palikuwa na tofauti ya kufundisha. Hasara ya neno mato huombolezwa kwa makala na makongamano. Hasara ya pumzi ile haiombolezwi na wengi, kwa sababu hakuna kisanduku kilichowahi kumwuliza mtu kama anataka kuihifadhi.

Kijana wa Takaungu alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kuibadili tena nakala kwa mkono na kuacha maonyo yaendelee. Hiyo ni njia ya kiburi cha nyumbani, na haidumu, kwa sababu mtu wa pili atakayelifungua faili ataona maonyo na kubonyeza amri ile ile. Ya pili ilikuwa kuikubali maktaba kama ilivyo na kutafuta tranzista zinazoilingana. Hiyo ni njia ya utii, nayo ingefaa kama zilizokuwa mkononi zisingekuwa nzima na zimekwisha lipiwa. Njia ya tatu aliipata ndani ya maktaba yenyewe. Kwa miaka mingi maktaba ya KiCad imekuwa na tranzista za aina hii zisizo na jina la kiwanda, katika mipangilio yote sita ambayo miguu mitatu inaweza kupangwa, kila moja na jina lake: BCE, BEC, CBE, CEB, EBC, ECB. Watunzaji wake hawakuuchagua mpangilio mmoja na kuitangaza mitano iliyobaki kuwa makosa. Waliipa yote majina.

Kwa kuuiga mfano huo, kijana alitengeneza maktaba ndogo ya kwake, akaiita Takaungu, akaweka ndani yake tranzista yenye mpangilio wa CBE, unyayo wake na karatasi yake ya maelezo. Kisha akaiondoa mchoroni ile ya zamani na kuiweka hii. Maonyo hayakutokea, kwa kuwa sasa nakala ililingana na maktaba inayoitambua. Alipobonyeza tena amri ya kurejesha ili kujaribu, miguu ilibaki mahali pake. Tofauti iliyokuwa ikihesabiwa kuwa uasi ilikuwa imepata ukurasa wake katika kitabu, na kurejea maktabani hakukuwa tena tishio kwake.

Funzo hilo lina uzito kwa wale watakaoandika kamusi, watakaotahini insha na watakaokaa katika kamati za istilahi. Lahaja ikiachwa iishi kwa ukaidi wa wazungumzaji peke yao, itarejeshwa na kizazi kisichokumbuka sababu. Ikirekodiwa kwa jina lake, kwa matamshi yake na kwa mahali pake, hata tahajia sanifu itaweza kuitaja bila kuimeza. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa, na wengi huitumia methali hiyo kuwakemea waliotoka kijijini. Inafaa pia waulizwe wanaokemea: asili hiyo imeandikwa na nani, na katika kitabu gani?

Bodi zilifika baada ya majuma kadhaa, zikalehemiwa nyumbani, na ya kwanza ikafungwa katika mashua ya ami. Betri ilipofika volti 11.5, taa kubwa ilikatika na ndogo ikabaki. Mzee alisema neno moja tu, "Alhamdulillahi," akaendelea kukunja nyavu. Wavuvi wengine waligawana bodi zilizosalia, na baada ya muda wanafunzi wawili wa darasa la chini waliiomba maktaba ile ili waitumie katika michoro yao.

Hapo kijana alisita. Kwao, mpangilio wa CBE haungekuwa ugunduzi uliotokana na tranzista fulani za duka fulani. Ungekuwa ndio ukawaida. Wangeivuta tranzista kutoka maktaba ya Takaungu na kuiamini, na siku moja mmoja wao angenunua PN2222A na kubonyeza amri ya kurejesha bila kuuliza. Kwa hiyo, kabla ya kuwapa faili, alifungua uga wa maelezo na kuandika kwamba mpangilio huo ni wa P2N2222A, kwamba miguu ilipimwa kwa mita kabla ya kulehemiwa, na kwamba kila atakayeitumia aipime kwanza tranzista aliyo nayo mkononi. Aliongeza tarehe na jina la mji, kisha akahifadhi.